Kiwiko cha Mdogo Wangu

Niliusikia mpira kabla sijauona uwanja. Nilikuwa bado nje ya ukuta wa parokia, jembe begani, miguu myekundu hadi magotini kwa udongo wa Kasungami, sauti ile iliporuka ukuta na kunifikia. Ko! Haikuwa ile pa ya uchovu ambayo sisi wote tulikuwa tukiitoa kwa miezi minne, wala ule mlio wa mti unaotaka kupasuka. Ko, mara moja, safi, ya mviringo. Kisha kimya cha pumzi moja, kisha watoto wote wakapiga kelele kwa pamoja.

Nilidhani kocha ameamua kupiga mwenyewe.

Nikazunguka ukuta. Kocha alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mikono kichwani, akitazama juu. Watoto wote walikuwa wakitazama juu, upande wa barabara inayokwenda mgodini, ambako mpira ulikuwa umeshapotea katika vumbi la malori. Na pale tulipopigia, juu ya kipande cha gunia tulichokipigilia misumari ardhini, alisimama mdogo wangu, miguu mitupu, na gongo nililoliita langu likining'inia mkononi mwake kama kitu alichookota njiani.

"Yaya!" alinipigia kelele. "Umeona? Iko rahisi!"

Yaya ni mimi. Kwetu Lubumbashi ndivyo mdogo anavyomwita dada au kaka aliyemtangulia. Na yeye alikuwa binti wa mdogo wake baba, kwa hiyo mdogo wangu, basi, hakuna neno jingine. Alikuwa ameshuka kutoka Mitwaba majuma matatu kabla, na sanduku la mbao na kuku mmoja aliye hai, ili aanze shule ya sekondari mjini. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mimi kumi na mitatu. Tulikuwa tukigawana godoro, sabuni na kitana. Sikujua kwamba tungegawana na uwanja.

Besiboli ilifika Ruashi ndani ya begi. Kocha, kijana wa mtaa wetu, alikuwa amekwenda ng'ambo kusomea ufundi wa mashine. Watu walimngoja arudi na gari. Alirudi na glavu sita, mipira minane na wazo. Wavulana wa kabumbu walimcheka, kwa hiyo akachukua waliobaki: wanene, wenye miwani, wasichana. Padri alitupa uwanja nyuma ya kanisa, na seremala aliyezoea kuchonga miguu ya viti akatuchongea magongo matatu ya mti mgumu wa mulombwa. Moja lilikuwa na alama ya moto karibu na mshiko. Hilo ndilo nililokuwa nikiliwahi kila siku.

Niliupenda mchezo ule kuliko nilivyojua kusema. Lakini nilikuwa na ugonjwa wangu. Shamba la familia lilikuwa Kasungami, nami nilishika jembe kabla ya kushika kalamu. Mpira ulipokuja, mikono yangu haikuniuliza kitu. Ilipanda juu ya kichwa ikashuka moja kwa moja mbele ya vidole vya miguu.

"Unalima!" kocha alikuwa akilia. "Nakuomba, mama! Mupira haiko muhogo!"

Na wenzangu, kila nilipoelekea kwenye gunia: "Mulimaji anakuya! Mufiche mbegu!"

Nilicheka pamoja nao. Kisha nilirudi nyumbani nikazungusha mti wa ufagio nyuma ya jiko, mpaka mama aliponiuliza kama sombe, yale majani ya muhogo, itajitwanga yenyewe.

Siku ile ya ko, watoto walipomaliza kuruka, kocha alitukusanya kivulini mwa kanisa. Shule moja ya Likasi nayo ilikuwa imeanzisha timu, akasema. Mwisho wa mwezi, Jumapili, tungekwenda kucheza nao, mara yetu ya kwanza kucheza na watu ambao si sisi wenyewe. Jezi zilikuwa tisa, za kijani, na fundi wa sokoni alikuwa ameshazikata.

"Munane najua batu yao," alisema. "Ya kenda, tutaona. Ijumaa mbele ya safari, mipira kumi kila muntu."

Nikaona macho ya wote yakimwendea mdogo wangu, naye akijikuna mguu kwa mguu mwingine.

Jezi hiyo ya tisa ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeivaa mawazoni tangu siku kocha alipotuahidi kwamba ipo siku tutakuwa na jezi. Na niseme ukweli, sikuitaka kwa ajili ya Likasi. Niliitaka ili baba anione nimeivaa.

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Kila siku alirudi saa kumi na moja jioni akinuka chuma, akaketi kwenye ngazi ya mlango, akavua viatu, na kwa nusu saa hakusema neno na mtu. Hakuwa mkali. Alikuwa mtu ambaye maneno yake yote yaliishia kwenye milango na madirisha ya watu wengine. Kwa miezi minne nilizungusha ufagio wangu mbele ya macho yake, na kitu pekee alichoniambia ni kwamba nisivunje ndoo.

Jioni ile tulikuwa tumezunguka bukari, ugali wa kwetu. Mdogo wangu alikuwa na tonge mkononi, hajalitumbukiza bado kwenye mboga, akasema kana kwamba anataja hali ya hewa:

"Papa, leo nilipiga mupira mpaka inje ya parokia."

Baba aliweka tonge lake chini.

"Kweli?"

"Kweli, papa. Muulize yaya."

Akaniuliza kwa macho. Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

"Tuone," alisema baba, akasimama na unga bado kwenye vidole, akatoka. Nikamsikia uani akimwambia atumie mti wa ufagio, ufagio wangu. Nikasikia mti ukikata hewa. Nikamsikia baba: "Tena." Na tena: "Tena." Mara kumi na moja. Bukari ilipoa mbele yangu ikafanya ngozi, mama akaniambia nile, nami nikala.

Tangu siku hiyo baba hakuketi tena nusu saa bila kusema. Alivua viatu na kumwita mdogo wangu.

Watu huuelezea wivu kama moto. Wangu ulikuwa baridi na wenye bidii. Uliamka mapema kuliko mimi. Ulihesabu. Ulijua ni nani aliyepewa mkia wa samaki na nani kichwa, ni jina la nani mama aliliita kwanza akitutuma kisimani. Jumapili nilipomsuka nywele, kichwa chake kikiwa katikati ya magoti yangu, vidole vyangu vilivuta zaidi ya ilivyohitajika.

"Yaya, unaniumiza."

"Vumilia. Unataka kupendeza ao hautaki?"

Alivumilia. Hilo nalo lilinikera: alivumilia vizuri. Nilipomaliza alijitazama kwenye kioo cha dirisha, akasema yaya ana mikono ya dhahabu, akaenda kuwaonyesha watoto wa jirani.

Nilimuuliza mara mbili alijifunza wapi kupiga vile. Alisema hajui. Nilidhani ananificha. Kisha ikaja Jumamosi ya salongo, siku ambayo wanafunzi wote hufanya usafi wa shule, na nikaona kwa macho yangu.

Nyuma ya madarasa majani yalikuwa yamefika kiunoni. Mwalimu alitugawia kupekupe, kile chuma chembamba kirefu kilichopindwa kwenye ncha ambacho kila mtoto wa shule wa nchi hii amewahi kukishika na kukilaani. Sisi wa mjini tulikata kama tunavyofukuza nzi. Mdogo wangu alipanua miguu, akalegeza mabega, na kabla chuma hakijaondoka kiuno chake kilikuwa kimeshaondoka. Kiuno kiligeuka, mikono ikafuata, chuma kikaja mwishoni, bapa, chini, kikiimba. Majani yalilala mbele yake kwa mstari. Viwiko vyake vilikaa karibu na mbavu, vimetulia kama vimelala.

Nikasimama na chuma changu mkononi. Mtu huyu hakuwa amejifunza besiboli. Kule Mitwaba majani ya shule yalikuwa marefu kuliko ng'ombe, na kila Jumamosi ya maisha yake alikuwa akiyakata. Alikuja na ko yake kutoka nyumbani, kama alivyokuja na kuku.

"Nifundishe," nikamwambia. Neno hilo lilinitoka kwa shida.

Alifurahi hata akaangusha chuma. "Weye, yaya? Mi nikufundishe weye?"

Alinifundisha mchana ule wote, na jioni zilizofuata, nyuma ya jiko. "Usikaze mikono. Leka chuma iende yenyewe. Kiuno njo inaanza, yaya, mikono inakuya nyuma kama mutoto anafuata mama." Alinishika kiuno kwa mikono miwili akakigeuza. Alicheka nilipokosea, akapiga makofi nilipopatia. Na siku moja, mbele ya kila mtu, mpira ulikuja nami sikulima. Kitu kiligeuka chini ya mbavu zangu, na mikono ikanifuata. Haikuwa ko kamili, ila ilikuwa jamaa yake wa karibu.

Kocha alivua kofia. "Ah! Leo jembe imebakia ku nyumba!"

Ningepaswa kushiba hapo. Lakini baada yangu alikwenda yeye kwenye gunia, na ko yake ikapita juu ya paa la kanisa, na hakuna aliyekumbuka yangu.

Jumatano kabla ya majaribio tulikuwa wawili tu uani. Mama alikuwa sokoni, baba hajarudi. Mdogo wangu alizungusha mti wa ufagio mara tatu, akasimama, akanigeukia.

"Yaya, angalia muzuri. Kuko kitu ya kutengeneza?"

Aliniuliza kwa sababu mimi ni yaya. Katika nyumba zetu mdogo huuliza, yaya hujibu, na mdogo hafungui mdomo kuyachambua majibu. Hata yaya akikosea, ni kosa la yaya, mdogo yeye ametii. Tumelelewa hivyo sote. Nilijua uzito wa neno langu kabla halijatoka.

Ningesema hapana. Ningesema iko muzuri.

"Kiwiko," nikasema. "Iko chini sana. Pandisha."

Akapandisha. "Hivi?"

"Juu zaidi. Na miguu, karibisha kidogo."

Alizungusha. Mti ulitetemeka, ukapotea njia. Akakunja uso.

"Yaya, hivi naona inakuwa nzito."

"Mi njo yaya, ao weye njo yaya?"

Akacheka. "Ni weye, yaya."

Na akapandisha kiwiko chake juu, mbali na mbavu, pale nilipotaka.

Ijumaa kocha alirusha mipira mwenyewe na akakataza mtu yeyote asiseme. Mimi nilitangulia. Nilipiga sita, sita mizuri, na ninaikumbuka mmoja mmoja hata leo. Kisha akaja yeye. Kiwiko juu, miguu pamoja, mwili mzima kama wa mtu aliyevalishwa nguo za mwingine. Alikosa wa kwanza. Alikosa wa pili. Wa tatu uligusa ncha ukaanguka kwenye vidole vyake, na kuna aliyecheka puani. Nilimwona akinitazama mara moja, haraka, kama mtu anayeuliza kama bado aendelee. Nikatazama upande wa malori. Alipomaliza alikuwa amepiga miwili, yote dhaifu.

"Umebadilisha nini?" kocha alimuuliza.

"Hapana kitu, kocha."

Nikapewa jezi. Ilikuwa bado na harufu ya mashine ya fundi.

Nyumbani mama alipiga vigelegele, akakaanga tomsoni, samaki wa siku kubwa. Niliitandaza jezi kwenye mapaja yangu, nikangoja. Baba alirudi, akavua viatu. Aliishika jezi pembeni, akasugua kitambaa kwa kidole gumba, akasema, "Ni muzuri." Nilikuwa nimengoja miezi mingi kwa maneno mawili hayo. Lakini macho yake yalikuwa yameshanipita.

"Na weye?" alimuuliza mdogo wangu.

"Nilikosa, papa."

"Kuya inje."

Nikawafuata hadi mlangoni. Baba alimpa ufagio, akarudi hatua tatu. "Onyesha." Akaonyesha. Baba hakujua hata sheria moja ya besiboli, ila alikuwa amemtazama msichana yule jioni ishirini mfululizo, kwa jicho la mtu ambaye kazi yake ni kuona chuma kilipopinda.

"Hii kiwiko imetoka wapi?"

Jirani alikuwa akisukuma mtungi wa maji kwenye mchanga. Mdogo wangu alikuwa na neno moja tu la kusema, neno fupi aliloniitia mara hamsini kwa siku. Hakugeuka hata kidogo upande wangu.

"Ni mi mwenyewe, papa. Nilitaka kujaribu."

"Unajaribu kitu yenye ilikuwa inatembea muzuri?"

"Nilikosa, papa."

Baba akanitazama pale mlangoni. Sijui aliona nini. Akachukua ufagio, akausimamisha ukutani, akaingia kula.

Basi mdogo wangu alijua kwamba nilimdanganya. Alijua tangu mpira wa pili, labda tangu Jumatano ile ile. Na uwongo wake ulikuwa umetoka kama mapigo yake yalivyotoka, bila kukaza mikono, moja kwa moja, safi. Mimi nilihitaji majuma mawili kujifunza kugeuza kiuno, na cheo changu chote cha uyaya ili nimharibie kiwiko. Yeye alinyoosha mkono tu akanifunika.

Jumamosi asubuhi nilikwenda na jezi kwapani hadi barabarani ambako kocha alikuwa akitengeneza pikipiki za watu. Nikamwambia ni mimi niliyempandisha kiwiko.

Aliendelea kulegeza skrubu. "Na ni juu ya sababu gani unaniambia?"

"Sijue."

Watu niliowasimulia kisa hiki hufika hapa wakanisifu. Wanakosea. Sikwenda kwa kocha kwa sababu ya majuto. Nilikwenda kwa sababu sikuweza kuvumilia mdogo wangu awe na ko, awe na baba yangu jioni, kisha awe na wema pia. Nilitaka angalau huo nimnyang'anye.

"Unangoja nikuambie aksanti?" kocha aliuliza.

"Hapana."

"Sita yako ulipiga kwa haki. Njo hiyo inaniuma kichwa." Akapangusa mikono kwa kitambaa cheusi cha mafuta. "Enda umuite. Mipira kumi. Na kiwiko yake, haiko ile yako."

Nilimkuta akiosha vyungu. Nilipomweleza, alitikisa kichwa.

"Yaya, leka. Jezi ni yako."

"Twende."

"Lakini yaya, mi sina shida..."

"Mi njo yaya," nikasema.

Akaacha vyungu, akapangusa mikono kwenye kitenge chake, akanifuata.

Sikuangalia. Nilikaa nyuma ya ukuta wa parokia, mgongo kwenye tofali, na nikahesabu kwa masikio. Zilikuwa ko tisa. Mpira mmoja tu aliukosa, na nadhani huo aliukosa kwa kunionea huruma.

Jumapili baada ya misa ya kwanza mdogo wangu alikuwa amesimama sebuleni ndani ya jezi ile ya kijani. Ilimfika karibu na magoti. Mama alimfungia karanga na chupa ya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, akamnyoosha kola, akamwonya asitoe kichwa dirishani. Nje basi dogo lilipiga honi. Baba, ambaye Jumapili hakuwahi kuvaa viatu kabla ya saa sita, alikuwa amevaa viatu. Alichukua mfuko wa mdogo wangu akatangulia kwenda barabarani kumsindikiza, na mama akamfuata mbiombio na karanga alizozisahau mkononi.

Tukabaki wawili.

"Yaya, uko na kasirani?"

"Ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepewa bei na kuiona ni ya haki. Nilikuwa na wivu na mikono ya jezi iliyomfunika viganja. Nilikuwa na wivu na barabara ya Likasi ambayo sijawahi kuiona, na vumbi litakalomwingia puani, na watoto wa kule ambao wangeisikia sauti yake kwa mara ya kwanza, bila kujua ni nani.

"Nitarudia magaribi," alisema.

"Enda. Basi itakuacha."

Alingoja kidogo bado. Honi ikalia tena. Mlango wetu wa chuma, alioutengeneza baba mwenyewe, ulikuwa umeshuka kwenye bawaba na ulikuna saruji mtu asipouinua. Mdogo wangu aliuinua kwa mikono miwili, akatoka, na akaufunga nyuma yake polepole, bila kelele, kama mtu anayeacha mgonjwa ndani.